Tahadhari kwa wanunuzi wa tairi kuukuu Malindi: kagueni kama mmetiliwa tyubu ndani

Ndugu zangu wa Malindi, Mambrui na Magarini mnaoendesha magari ya kupita mchangani, kuna muuzaji hapa mjini anayeuza tairi kuukuu zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye rimu na kujazwa upepo, akiapa kwamba hazina tyubu, ilhali ameitia ndani ili kuficha kasoro. Mwezi uliopita nilinunua kwake nne za kipimo cha 265/70R16 kwa shilingi 36,000, na zote zimeandikwa ubavuni TUBELESS.

Siku ya tano niliteremka ufuoni Mambrui na kupunguza upepo hadi paundi 18 ili gari lisizame mchangani, kama tufanyavyo siku zote. Sikufika mbali kabla tairi ya nyuma kushoto kukaa chini, na nilipoinama kutazama sikuiona vali, kwani ilikuwa imevutwa ikazama ndani ya tundu lake. Fundi alipoifungua, tyubu ilikuwa imechanika penye shina la vali, unga mweusi wa mpira ulikuwa umejaa ndani, na nyuma ya ubavu palikuwa na kiraka cha upana wa kiganja. Jeraha la ubavuni halitibiwi kwa kiraka, na muuzaji alilijua hilo.

Nilipomrudia alijibu kwamba tyubu "inaongeza usalama". Tyubu yenyewe haina kosa, na Land Cruiser za zamani zenye tairi za 7.50R16 na rimu za pete (zile za vipande vinavyofungwa kwa pete ya chuma) haziendi bila hiyo. Lakini tairi isiyohitaji tyubu hushika upepo kwa midomo yake, yaani kingo zake za ndani, kubana rimu, hivyo msumari ukiichoma mara nyingi upepo hutoka polepole, ilhali tyubu ikitoboka upepo hukimbilia tundu la vali na kuisha ghafla. Isitoshe, tyubu husuguana na tairi na kupata joto, na upepo ukipunguzwa tairi huteleza juu ya rimu na kuikokota tyubu pamoja nayo. Hivyo ndivyo vali yangu ilivyong'oka.

Kabla ya kulipa, itikise vali kwa kidole. Ya tairi isiyo na tyubu hukaza tunduni. Ikichezacheza au ikisukumika kuingia ndani, shuku. Afadhali zaidi, mtake azifungue mbele yako, na akikataa ondoka. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: zangu, alizosema ni za miaka miwili, zimeandikwa 1412, yaani zilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012. (Kosa langu ni kuzisoma baada ya kulipa.)

Simu yake sasa haipatikani na kibanda kimefungwa, ingawa nasikia bado anauza kupitia vijana wa kuzungusha. Zile tatu zilizobaki nimezifungua pia: mbili zina viraka vya ubavuni, na ya tatu mdomo wake umekatika hadi nyaya zinaonekana.