Methadoni au soba hausi (nyumba ya waraibu wanaoacha ulevi), kijana aliyenasa kwenye unga au gongo umpeleke wapi hapa Mwanza?
Kama anatumia unga (heroini) mi naanza na methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, pale hospitali ya Sekou Toure, dawa ni bure, anainywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto (mateso ya kukosa unga) inatulia anaweza hata kurudi kazini Mwaloni, ila kimbembe ni nauli, mtu wa Igoma daladala kila siku kwenda na kurudi na kwao hawana kitu, wengi ndo wanakatia hapo, asasi zinazotaka kusaidia zilipe hiyo nauli jamani.

Soba hausi analala hukohuko miezi kadhaa mbali na maskani, na kwa wa gongo ndo afadhali maana methadoni haitibu pombe (mnywaji sugu aonwe na daktari kwanza, kuacha ghafla kunaweza kuua). Ila nyingi wanachaji, na akitoka kijiwe ni kilekile, so uliza mapema nani atamfuatilia.