Kadi ya alama ya jamii kwenye zahanati ya kijiji: tumeitumia huku upande wa Tukuyu mkoani Mbeya, haya ndo maoni yangu

Naandika hii kwa ajili ya wale ambao asasi imekuja kijijini kwenu ikasema inataka kufanya kadi ya alama ya jamii na hamjui mkubali au ni semina nyingine tu ya soda na nauli. Mi naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyopungua ntaieleza huko chini maana ndo yenye maneno mengi.

Kwa ambao hawaijui, ni njia ya wananchi kuipima huduma ya umma wenyewe, wanaipa alama, alafu wanakaa pamoja na wanaoitoa hiyo huduma wanapanga nini kibadilike na nani atafanya. Ilianzishwa na shirika la CARE mwaka 2002 huko Malawi kwenye huduma za afya vijijini, yani ng'ambo tu ya mto Songwe, ukishuka Kyela mpaka Kasumulu umeshafika mpakani. Siku hizi inatumika nchi nyingi na sio afya peke yake, kuna wanaopimia shule, maji, hata huduma za ugani.

Kwetu walikuja vijana wa asasi ndogo ya hapahapa mkoani, jina siliweki maana sijawaomba ruhusa. Walianza kwa mwenyekiti na mtendaji kama inavyotakiwa, alafu wakatugawa makundi, wamama wenye watoto wadogo peke yao, wababa peke yao, vijana, wazee, na watu wenye ulemavu. Hapa ndo walinipata kabisa. Kwenye mikutano yetu ya kawaida wanaoongea ni walewale, wababa wa mstari wa mbele na mstaafu mmoja anayejua sheria zote, sisi wamama tunakaa pembeni kwenye majani na watoto mgongoni, ukinyoosha mkono unaambiwa subiri mama zamu yako inakuja, na haiji. Sasa kwenye kundi la wamama tupu mambo yakatoka ambayo sijawahi kuyasikia yakisemwa hadharani. Kwamba mlango wa chumba cha kujifungulia kitasa kiling'oka siku nyingi na pazia hakuna, mtu yuko kwenye uchungu wanaopita nje wanamuona. Nani angelisema hilo kwenye mkutano mbele ya baba mkwe wake? Na nyie wa huku mnajua kwa Wanyakyusa mkwe na baba mkwe wanavyoheshimiana, mwanamke hata kupishana nae njiani anatafuta pa kupita. Kwahiyo lile jambo likakaa miaka, sio kwamba watu hawalijui, ni kwamba halikuwa na pa kusemewa.

Kwa wazee mwezeshaji aliongea Kinyakyusa mwanzo mwisho, hongera sana kwa hilo. Alama zilikuwa moja mpaka tano, unaweka punje za mahindi kwenye kila kigezo ili hata asiyejua kusoma aone kwenye bango kitita, yani ile karatasi kubwa ya ukutani, imeandikwa kile alichosema yeye. Wazee walitoa moja, moja kabisa, kwenye matibabu ya msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, sawa, mzee anafika anapimwa bure, anaambiwa dawa hamna, anaandikiwa akanunue duka la dawa. Huyu ametibiwa bure au amepimwa bure? Mzee mmoja aliuliza hivyohivyo na pale kwenye kundi hakuna aliyekuwa na jibu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba wahudumu nao wanajipima, kwenye chumba chao, kwa vigezo vyao. Na walijipa alama za chini kwenye dawa kuliko hata sisi tulivyowapa. Wakaandika nesi anabaki peke yake usiku na mchana, nyumba ya mtumishi inavuja, wakiomba dawa zinakuja pungufu. Siku ya mkutano wa pamoja, ambayo ndo roho ya hii kitu yote, karatasi zote mbili zinabandikwa ukutani sambamba na kila upande unaeleza kwanini umetoa alama ile. Nilijua patakuwa na ugomvi. Kulikuwa na dakika za joto ndio, kwenye lile la wahudumu kuongea na wagonjwa kwa lugha mbaya, nesi machozi yalimtoka, mama mmoja nae akasema lake kwa uchungu kabisa, lakini mwezeshaji alilishika vizuri hakuruhusu jina la mtu litajwe, anarudisha watu kwenye huduma. Baada ya pale mazungumzo yakawa ya watu wanaotafuta kitu kimoja.

Alafu tukajua jambo ambalo lingetakiwa tulijue siku nyingi. Mganga mfawidhi, yani mkuu wa zahanati, akaeleza kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 zile fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ambao wafadhili wanachangia, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango wa kuzitumia unapitia kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi. Watu wakaangaliana. Wawakilishi gani? Kumbe wapo na walikuwa wamekaa nasi palepale, hatujawahi kuwatuma kitu na wao hawajawahi kuturudishia kitu. Kitasa na pazia vikalipwa kwenye fedha hizohizo, wala haikuchukua muda. Ratiba ya kliniki ya watoto ikabandikwa mlangoni na inafuatwa. Kwa haya tu mi nasema kadi imelipa.

Sasa nyota iliyobaki.

Mambo makubwa, yani dawa, mtumishi wa pili na nyumba, hayamalizwi na zahanati wala na kijiji, yanataka yaingie kwenye mpango na bajeti ya halmashauri. Na bajeti ina majira yake kama shamba. Mwaka wa fedha unaanza Julai, Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili, maana yake halmashauri zinakuwa zimeshakusanya vipaumbele vya vijiji na kata miezi mingi kabla. Asasi yetu ilikuja mwezi wa nne. Kwanini mwezi wa nne? Kwasababu ndo fedha za mfadhili ziliingia. Mpango kazi wetu ukapelekwa kamati ya maendeleo ya kata, ukasifiwa, tukaambiwa mambo mazuri ila ya mwaka huu yameshapita. Watu walioacha shughuli zao kwenye matope ya mwezi wa nne, na mvua za Tukuyu mnazijua, wanaambiwa subirini mwaka mzima. Hapo ndo unapoteza watu, na mwakani ukiwaita watakwambia tulishasema.

Na ukisema basi ifanyike wakati wa kupanga bajeti kabisa, mwezi wa kumi na moja, napo tatizo, mvua zimeanza kila mtu yuko shambani anapanda. Mi naona mwezi wa tisa ndo wenyewe. Mahindi yameshavunwa, barabara kavu, watu wana nafasi, na majibu yanafika mezani kabla vipaumbele havijafungwa. Hii ni kitu ndogo ya kalenda lakini ndo inaamua kama maoni ya wananchi yanaingia kwenye sera au yanaingia kwenye ripoti ya mradi.

La pili linaenda na hilohilo. Asasi ilimaliza kwenye mkutano wa pamoja ikaishia hapo, haikuturudisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 mkutano mkuu ndo chombo cha juu cha kijiji, kila mkazi aliyefika miaka 18 ni mjumbe. Kikipitishwa pale na kuandikwa kwenye muhtasari ni uamuzi wa kijiji, diwani akikibeba anabeba uamuzi. Kisipopitishwa ni maoni ya watu waliokuwa kwenye makundi ya mradi, mtu yeyote anaweza kuyaweka pembeni na hajavunja kitu. Katiba ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, sasa hayo madaraka yana mlango wake na mlango ni huo mkutano, asasi inatakiwa itupeleke mpaka hapo isituache getini.

Nasisitiza hili kwasababu kuna utafiti mkubwa ulifanyika vijiji 200 hapa Tanzania, Tanga na Dodoma, na vijiji 200 Indonesia, wananchi walipewa taarifa za hali ya huduma za uzazi wakapanga hatua wao wenyewe, haikuwa kadi hii moja kwa moja lakini ni ndugu yake. Watu walijitoa kweli na kupanga mambo, ila kwa wastani matumizi ya huduma za uzazi hayakutofautiana na vijiji ambavyo havikuwa kwenye mpango. Wakati kadi yenyewe ilivyopimwa wilaya ya Ntcheu kule Malawi, wajawazito walitembelewa zaidi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na matumizi ya uzazi wa mpango yakapanda. Mi sio mtafiti, lakini ninavyoelewa kwa nilichokiona kwetu, watu kukutana peke yao haitoshi, lazima mwenye funguo awepo kwenye chumba na awe na kitu cha kufungua.

Mengine madogo. Kundi la wenye ulemavu hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, kijana mmoja kiziwi alikaa muda wote dada yake akimfupishia, hilo wamelikubali wamesema watalifanyia kazi. Posho hawakutoa, kulikuwa na chai na ndizi, baadhi walinung'unika mwanzoni na mimi naona asasi ilifanya sawa kabisa, aliyekuja kwa posho angeweka mahindi kumfurahisha aliyemlipa.

Raundi ya pili inafuata, kawaida ni baada ya kama miezi sita, tumewaomba waivute iwe mwezi wa tisa na mtendaji ameahidi kuiweka kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Wa Busokelo, Kyela na Ileje mnaotaka, anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, yeye ndo anajua asasi gani zimesajiliwa na zinafanya kazi gani hapo, na mkienda na barua ya serikali ya kijiji mnasikilizwa haraka zaidi.