Jaketi la Theluji la Mtumba: Usilipe Kabla Hujainua Mikono!

Mbukwenyi! Mbukwenyi jamani, karibuni. Leo sisalimii mmoja mmoja, maana hili jaketi nimekaa nalo tangu Jumamosi nasubiri tu kuwaonyesha. Ngoja nisogee dirishani muone rangi yake. Ni jaketi la kike la skii, la watu wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya, na nimelitoa kwenye mitumba ya Sabasaba, hapahapa Dodoma. Shilingi 35,000. Kaka alianza na 50,000, nikamwonyesha zipu ya mfuko haina kishikio, tukaelewana.

Najua kuna mtu keshaandika, “Dada, Dodoma na theluji wapi na wapi?” Mpenzi, umewahi kupanda bodaboda kutoka Nzuguni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba? Ule upepo unapita kwenye sweta kama halipo. Halafu mwezi wa tisa naenda Kilimanjaro, mita 5,895, na ule usiku wa kwenda kileleni baridi inashuka chini ya sifuri. Nahitaji nguo ya baridi kwelikweli.

Kofia lina, mifuko linayo, maji haliingizi, hayo mnayajua. Mimi nimewasha kamera kwa ajili ya kitu kimoja: hapa kwapani. Mmeiona hii zipu? Watu wengi wanalishika hili jaketi, wanadhani pamechanika, wanalirudisha kwenye rundo!

Tuijaribu. Nafunga zote mbili. Naruka kamba dakika tatu, msiondoke.

Haya. Mgongo umeshaanza kulowa, shingo inawasha, natamani kulivua lote. Sasa navuta zipu, kutoka hapa chini ya mkono mpaka ubavuni. Na upande wa pili. Nainua mikono… ooh! Hewa hiyo, inapita huku inatokea kule, na kifua changu bado kimefunikwa, shingo bado imefunikwa. Ngoja nirudie, msogee mwone tundu lenyewe. Kiganja kizima kinapita. Zipu ya mbele ukiifungua kwenye baridi, upepo unakupiga kifuani moja kwa moja. Hii ya kwapani inatoa joto pale pale linapojaa.

Sababu ni hii. Mtu wa skii anapandishwa mlimani kwenye kiti cha kamba, amekaa kimya, upepo unamchapa. Akifika juu anateremka kwa nguvu, miguu inafanya kazi, jasho linamtoka. Akifika chini, anarudi kwenye kiti. Jasho lililobaki ndani ndilo linalomgandisha. Na sisi ndiyo maisha yetu! Unatulia kwenye boda unaganda, unashuka unapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne unaloa, jioni unarudi kwenye boda na fulana mbichi mgongoni. Halafu tunanunua koti nene zaidi. Unene peke yake haukusaidii, dada yangu. Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, na jasho likishaloweka hapo, joto limekwenda.

Ndiyo maana ndani sivai fulana ya pamba. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Vaa jezi ya polista inayokushika mwili, au sufu laini ya kondoo wa merino ukibahatika kuipata, juu yake sweta jepesi la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoyamanyoya, halafu jaketi.

Kwenye lebo hapa ndani kuna 10,000 mara mbili. Ya kwanza ni maji: kitambaa kinahimili uzito wa maji yaliyosimama milimita 10,000 juu yake. Ya pili ni mvuke wa jasho: gramu zinazoweza kupita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Wauzaji wanaitangaza ile ya kwanza tu. Wewe itafute ya pili.

Kuna yale makoti yaliyojaa manyoya ya bata, nimeulizwa sana. Ni mepesi, yana joto, siyapingi. Ila manyoya yakilowa yanashikana mabonge na joto linapotea. Nikiwa nimekaa kambini nitalivaa. Kupanda nalo mlima, hapana.

Sasa kipimo, na hapa nimeudhika kweli. Kila nikienda napewa jaketi la kiume, “dada hili litakutosha.” Halinitoshi! Mabegani linaelea, nyongani zipu inagoma. La kike limebanwa kiunoni na kuachiwa nyongani. Kabla ya kulipa vaa juu ya sweta, inua mikono yote. Tumbo likionekana, rudisha. Jikumbatie, mgongo usivute. Chuchumaa. Na usichukue kubwa mno “ili nivalie nguo ndani,” hewa baridi itakuwa inaingia kwa chini.

Hii sketi ya humu ndani ya jaketi, yenye lastiki, sikuipenda, nilitaka fundi aikate kabisa. Kazi yake ni kuzuia theluji isipande mgongoni mtu akianguka. Jana nimeifunga kiunoni nikiwa kwenye boda kuja mjini, na ule upepo unaopanda kutoka chini haukuingia! Vumbi pia. Kwa hiyo fundi hatakata kitu. Na kimfuko hiki kwenye mkono wa kushoto ni cha kadi ya kupandia lifti mlimani. Mimi naweka nauli.

Suruali yake niliiona kwa 20,000 nikaiacha, kiuno kilikuwa kikubwa. Ingawa… kwa mlima nafikiri nitairudia. Ina virekebisho pembeni, na chini kuna lastiki ya kushika buti. Kama bado ipo Jumamosi naichukua.

Kufua: msitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba njia za mvuke. Sabuni kidogo ya maji, suuza mpaka povu liishe, anika kivulini.

Mliouliza kuhusu glavu, video inatoka Ijumaa jioni, siyo Alhamisi tena, umeme huku kwetu ulikatika nikapoteza sauti yote ya nusu ya kwanza. Niandikieni hapo chini bei mliyopewa jaketi la skii Singida, Iringa au popote mlipo, maana kuna dada wa Manyoni anasema kalipata kwa 15,000 na zipu za kwapani zipo. Dada, nitumie picha ya lebo, nataka kuiona ile namba ya pili.