TAHADHARI: Jodari wa kukatiwa "kule nyuma", Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, na nyie mnaoshuka stendi ya Kange na hamu ya samaki wa kupaka, nisomeni kwanza.

Jumamosi nilikwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Nina wageni, mawifi zangu wawili kutoka Dodoma. Mnadani nikapata jodari wa kilo tatu hivi kwa elfu thelathini, jicho linang'aa, matamvua mekundu. Aliyeniuzia sina neno naye. Balaa lilianza nje, samaki nishamshika mkononi. Akaja kijana na beseni lake: "Shikamoo mama, lete nikusafishie, elfu mbili tu. Hapa pamejaa, nampeleka kule nyuma kwenye maji." Nikampa. Shikamoo nayo ina uchawi wake.

Akarudi na mfuko, vipande vimekatwa vizuri, vinachuruzika damu. Nikauliza, kichwa kiko wapi? "Nyongo ilipasuka mama, nimewatupia paka." Hapo ndipo ningeshtuka. Nyongo tangu lini ikakaa kichwani? Na mtu wa pwani gani anampa paka kichwa cha jodari? Lakini jua limepanda, nazi sijakuna, bodaboda ananipigia honi. Nikaondoka.

Nyumbani nilipoviosha, damu ikatoka yote. Ilikuwa ya kupakwa. Chini yake nyama ya kahawia, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Harufu hakuna, nami nikajipa moyo: ndimu, kitunguu saumu, tui zito, moto utamaliza. Kosa langu hilo, nakiri.

Hatujanawa hata mikono, wifi mkubwa anasema mdomo unamwasha kama kala pilipili. Haikupita nusu saa, uso na shingo vyekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, anatapika. Tukakimbilia kituo cha afya. Daktari akamtazama shingo, akauliza: "Mmekula jodari au vibua?"

Kumbe jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Ikishaingia haitoki. Kaanga, chemsha, gandisha, iko palepale, na inaweza kujaa samaki hajaanza hata kunuka. Wifi akapewa dawa za mzio, jioni akatulia. Angekuwa na pumu sijui tungesema nini.

Jumatatu nikarudi sokoni. Mzee mmoja anayepara samaki pale akanicheka kwanza, ndipo akanieleza. "Wako alishauzwa, mwanangu. Uliyepewa wewe ni wa juzi." Kumbe samaki mbichi anapelekwa kwa mteja mwingine, wewe unapewa mabaki yaliyolala. Kichwa hakirudi kwa sababu jicho na matamvua ndiyo yangewasema. Damu inachotwa kwa samaki wengine.

Wapara wa haki wapo pale, ndio wengi, nao hawamtoi samaki machoni pako. Simama hapohapo, apasuliwe unaona, kichwa ubebe. Huna muda? Chukua samaki aina ya changu, mzima, ukampare nyumbani.

Na mnaokula kwenye mabanda ya kuchoma jioni, hayohayo. Ukiletewa vipande vya jodari vimeshapakwa viungo vyekundu na samaki mwenyewe hujamwona, agiza pweza, au changu mwenye kichwa chake. Mdomo ukianza kuwasha, acha hapohapo. Wifi yangu alimaliza sahani nzima kwa kuniheshimu mie mwenyeji, na ndiye aliyeumwa zaidi. Mdogo wake aliyekula kipande kimoja aliwashwa tu.

Wamerudi Dodoma jana. Nimewafungashia machungwa ya Muheza. Samaki wamekataa.