Fizio (tiba ya mazoezi) ya Malindi: chumbani safi sana, kaunta ndo balaa

Nyota nne kwa tano, na ile moja mtaona ilikoenda.

Mimi ni fundi wa kuchonga milango, Lamu. Nilishikwa na homa, viungo vikauma mpaka nikawa natembea nimejikunja, wakapima wakasema chikungunya, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu. Sikushtuka manake watu wa Lamu twaijua ile, 2004 ilipita kisiwani ikazoa watu, waliopima damu baadaye wakakuta kama watu watatu kwa kila wanne walishaipata. Jina lenyewe la Kimakonde, na maana yake ndo huko kujikunja. Basi homa ikaisha nikarudi karakana, nikajua yamekwisha.

Wiki ya pili vidole vya miguu vikaanza ganzi. Siku ya tatu siwezi kupanda ngazi za nyumbani, siku ya nne patasi yaniponyoka mkononi kama imepakwa mafuta. Mama akasema ni upepo mbaya, nikasomewa, sikukataa, alafu kaka zangu wakanibeba mpaka kwenye boti wakanivusha Mokowe, safari ya Mombasa. Kule daktari alinigonga goti kwa kinyundo, mguu haukuruka hata kidogo. Akasema Guillain-Barré, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, majina ya Wafaransa walioueleza 1916. Siku tano nikatundikiwa dripu ya kingamwili zilizochujwa kwenye damu za maelfu ya watu wengine, na kila mara napulizishwa kibomba kuangalia kifua, manake hali hii ikipanda huko mtu huwekwa mashine ya kupumulia. Alhamdulillahi haikufika.

Nikapelekwa kwa dada yangu Malindi nifanye fizio, na hapa ndo riviu yenyewe inaanza.

Yule bwana wa ndani, mtaalamu wa fizio, namvulia kofia. Nilipomuuliza homa ishaisha wiki mbili, hiki kirusi bado kinanifanyaje, akafungua droo akatoa waya wa chaja ulioliwa na panya, shaba imebaki wazi. Akaniambia fundi, kirusi sicho kilichokula hapa. Kirusi kikiingia, seli zilizovamiwa hutoa ishara za kuita msaada, interferoni na wenzake hao waitwao sitokini, seli nyeupe zinakuja, kingamwili zinatengenezwa, na hiyo ndo homa na maumivu uliyoyasikia. Sasa kwa watu wachache sana, kama mmoja au wawili kwa kila laki kwa mwaka, vita haviishi pale. Kingamwili zinashika ganda la mshipa wa fahamu zikidhani ni adui, alafu zinakuja seli walaji kulibambua lile ganda, na mshipa bila ganda ujumbe haufiki, ubongo unasema shika patasi na mkono hausikii. Nikamuuliza litarudi? Akasema ganda likiliwa peke yake hurudi kwa wiki au miezi, ila shaba yenyewe, yaani uzi wa ndani wa mshipa, ikikatika basi inaota kama milimita moja kwa siku, pigia hesabu kutoka kiunoni mpaka kidole gumba. Nikapiga. Nikanyamaza.

Mazoezi yake si ya kutoana jasho. Sahani ya kunde na mchele vimechanganywa, mimi nachambua moja moja kwa vidole viwili, siku ya kwanza kunde kumi na moja tu nikalowa jasho kama nimepasua mvule. Vibanio vya nguo, bendi ya mpira, kusimama nimeshika meza nikihesabu. Sheria yake moja, acha kabla hujachoka, manake mshipa unaopona ukiusukuma kupita kiasi misuli inarudi nyuma. Sikuamini mpaka siku moja hayupo akaniachia kijana mwingine, yule akanichuchumalisha mara thelathini, "kaza mzee kaza", jioni nikabebwa kutoka kwenye tuktuk kama gunia la nazi na siku mbili sikusimama.

Sasa kaunta. Kwanza chumba kiko ghorofani, ngazi kumi na nane hakuna pa kushika, wateja wenyewe miguu haifanyi kazi, sijui nani alikaa akafikiria hilo. Wanakuandikia saa tatu unaingia saa tano. Lakini kilichoniudhi hasa ni yule dada wa kuandikisha, mpole lakini kabla hujalipa anakusukumia chupa ya dawa ya majani, mia nane, "inaongeza kinga". Nikamwambia mwanangu, mimi kinga yangu ndo imenifikisha hapa, unataka niiongeze iende wapi? Akacheka, akamgeukia mama wa nyuma yangu mwenye mkono uliopooza, na yule mama akanunua mbili. Ndani mtu anatumia nusu saa na waya wake kukueleza askari wako mwenyewe ndo walikosea, nje wanakuuzia bunduki zaidi.

Mimi saa hii nimefika mwezi wa tano tangu niugue, natembea na mkongojo, patasi nashika kwa robo saa ndo mkono unaanza kutetemeka. Nimeanza na vibao vidogo vya maua, milango bado.

Ukienda, muulizie yule bwana mwenyewe kwanza kama yupo, kabla hujatoa pesa, na uwe na mtu wa kukupandisha zile ngazi. Kunde watakupa wao.