Uzoefu wangu: tiketi ya bei kamili, halafu naambiwa mechi yenyewe haihesabiki

"Tulia, mechi yenyewe haihesabiki." Hayo ndo maneno niliyoambiwa na mama wa dirisha la tiketi kwenye uwanja wa hoki ya barafu wa chuo kimoja huku Midwest, Marekani, mwanangu kasimama pembeni yangu anasikia kila neno. Chuo sikitaji, lakini zimepita wiki kadhaa na bado hasira haijanitoka.

Ilikuwa mechi ya kirafiki, timu ya chuo dhidi ya timu ya taifa ya Marekani ya vijana chini ya miaka 18, wale wenye kambi yao Plymouth, Michigan. Nikanunua tiketi mbili kwenye apu mapema kabisa, bei ileile ya mechi ya ligi, na juu yake wakakata makato ya huduma ambayo mpaka leo sijui ni huduma gani. Siku yenyewe tumefika mapema maana mwanangu naye anacheza hoki na alitaka awahi wachezaji wakipasha, watoto huwa wanasimama kwenye kile kioo cha pembeni na mara nyingine mchezaji anawarushia kisahani cha kuchezea, kile wanachokipiga badala ya mpira, alikuwa anaizungumzia hiyo wiki nzima.

Sasa mlangoni apu ikagoma. Nafungua tiketi, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu skrini inakuwa nyeupe. Nikazima simu nikawasha, nikajaribu intaneti yao na ya kwangu, wapi. Nikamwonyesha kijana wa mlangoni imeli ya risiti yenye jina langu na namba za siti, nikatoa na kadi ya benki niliyolipia na kitambulisho, akasema bila mchoro wa kuskani haingii mtu, kaeni pembeni. Kaeni pembeni! Kwenye baridi ile, na mtoto, huku foleni yote inatupita. Baadaye sana ndo akasema nendeni dirishani, na dirishani ndo nikakutana na huyo mama. Hakuinua hata macho. Nikamwambia kwa heshima kabisa, mama, mechi imeshaanza na tumelipa, risiti hii hapa, naomba uangalie jina tu kwenye kompyuta yako. Ndo akanijibu hivyo, haihesabiki, ya nini haraka.

Hapo ndani king'ora cha goli kikalia. Mwanangu akaniuliza, "Baba, nani kafunga?" Ningemjibu nini?

Jamani, kama haihesabiki mbona pesa yangu mliihesabu? Mbona makato hamkupunguza? Hilo ndo linaniuma kuliko hata apu, apu kugoma ni kitu cha kawaida, mashine ni mashine, lakini mtu kumtazama mteja na kumwambia alichokuja kuangalia hakina maana hiyo ni dharau.

Na kwa haki ya Mungu haelewi anachouza. Ni kweli matokeo hayaingii kwenye msimamo na hayakisaidii chuo kwenda mashindano ya mwisho wa msimu, hapo hakudanganya. Lakini wale madogo ni nani? Auston Matthews, aliyechaguliwa namba moja mwaka 2016 pale timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, zinapochagua vijana wapya kwa raundi, alilelewa kwenye programu ya timu hiyohiyo. Jack Hughes, namba moja wa 2019, naye ni wa hapohapo, na mwaka huo kwenye kikosi chake waliochukuliwa raundi ya kwanza walikuwa wanane, wanane kutoka timu moja! Sasa unawachukua madogo wa namba hiyo, wengi wana miaka 17, unawapeleka wakagongane na wanachuo wa miaka 21, 22, wengine hadi 24, maana wengi wao wanapitia ligi za junia, yaani za vijana, kwanza kabla ya kuingia chuo. Halafu wengine wa madogo wameshaahidi kujiunga na vyuo hivyohivyo wanavyocheza navyo, yaani unaweza kukuta dogo anapigwa bega na mtu atakayekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo mwakani. Utaniambia mchezo huo hauna maana?

Tuliingia kipindi cha kwanza kinaisha, baada ya kijana mwingine kuja kuskani kitambulisho changu akatupitisha kwa nusu dakika tu. Nusu dakika, kumbe inawezekana!

Ila mechi sasa. Nilikuwa nimepanga niandike nyota sifuri lakini siwezi, nitakuwa muongo. Kipindi cha pili kuna dogo mmoja mwembamba, jezi inampwaya, kapokea kisahani pembeni kabisa, kwenye ubao unaozunguka uwanja, karibu na tulipokaa, na beki wa chuo, jitu zima ndevu zimejaa nyuma ya ule wavu wa chuma wa usoni, anamjia kwa kasi amponde. Dogo hakuangalia hata. Akakivuta kisahani katikati ya miguu yake mwenyewe, akajikunja kidogo, lile bega likapita likagonga ubao ukalia puuh mpaka siti zikatetemeka, na yeye ameshatoka upande wa pili kichwa juu, akapiga pasi ndefu kuvuka goli mpaka nguzo ya mbali na mwenzake akamalizia kipa bado anaangalia upande mwingine. Mwanangu alining'ang'ania koti akawa anapiga kelele, mimi pia, mzee mmoja shabiki wa chuo mbele yetu akasimama akampigia makofi mpinzani. Sijaona kitu kizuri hivyo kwenye hoki, na mechi za ligi nimeangalia nyingi. Wanachuo walikuja juu kipindi cha tatu kwa nguvu na miili, chuo kikashinda, ila madogo waliondoka vichwa juu.

Kwa hiyo nikasema basi, nyota nne, yameisha. Halafu tunatoka mwanangu ananiuliza kama wakati wa kupasha walirusha visahani, na mtoto wa jirani yetu wa siti anacho kimoja mkononi. Hasira zikarudi upya. Ule muda wa kupasha nitaurudishaje? Wale madogo mwakani wametawanyika vyuoni.

Mechi zenyewe nendeni, tena pelekeni watoto, hasa kama timu hiyo ya vijana inakuja karibu na mnapoishi. Uwanja huu sijui, labda mwakani nitarudi kwa ajili ya mwanangu, labda nitaendesha gari mpaka chuo kingine. Nyota mbili kwa sasa. Kastoma kea nimewaandikia naomba warudishe angalau makato, wamejibu kwa ujumbe ule wa mashine kwamba maoni yangu ni muhimu kwao, hela sijaiona. Wakirudisha nitakuja kubadilisha nyota hapahapa.