Amprolium ya unga asilimia 20: nyota 4, mradi chakula kisiipinge

Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wakianza kuhara damu kwa sababu ya koksidia, vimelea vya utumbo, hii ndiyo dawa ya kuanza nayo. Inatiwa kwenye maji, na hilo ni jambo kubwa: kifaranga mgonjwa huacha kula kabla ya kuacha kunywa.

Gramu 12 kwa ndoo ya lita 20, siku 5 hadi 7. Ugonjwa ukiwa mkali, gramu 24 kwa siku 3 hadi 5, kisha gramu 6 kwa wiki 1 au 2. Pima kwa mizani. Kijiko cha chai hudanganya. Changanya upya kila asubuhi, na bandani kusiwe na maji mengine.

Wanaosema dawa imegoma, mara nyingi wameichanganya na multivitamini. Amprolium inafanana kwa umbo na vitamini B1, hivyo huwazibia vimelea vya koksidia njia ya kuipata, wakashindwa kuzaana. Ukitia B1 kwenye ndoo hiyohiyo, umewalisha. Subiri dozi iishe ndipo uwape vitamini, hasa A, inayosaidia kujenga upya utando wa utumbo. Ukizidisha dawa, vifaranga wenyewe huishiwa B1: shingo hupindia nyuma, miguu inalegea. Hapo acha dawa, wape B1.

Lakini utumbo uliodhoofishwa na chakula haunyanyuliwi na pakiti. Mahindi meupe karibu hayana cha kutengenezea vitamini A, kwa hiyo mchanganyiko wa nyumbani usio na premiksi (nyongeza ya vitamini na madini) huacha utando dhaifu, na minyoo nayo hupata upenyo. Ninginiza mchicha, au tia unga wa majani ya lusina usiozidi kilo 5 katika kilo 100 za chakula, kwa kuwa yana mimosini, sumu ya asili. Mahindi ya ukungu yasiingie kabisa. Sumukuvu hushusha kinga, na kuyaanika tena hakuiondoi. Kagua pia dagaa. Wenye chumvi nyingi huwafanya kuku wanywe kupita kiasi, kinyesi kinakuwa majimaji, maranda yanaloa, na kwenye joto na unyevu huo mayai ya koksidia hukomaa kwa takriban siku 2. Dozi ikiisha, wanaambukizwa upya.

Nyota moja tumeipunguza kwa sababu haishiki aina zote za koksidia kwa nguvu sawa. Inafaa zaidi kwa Eimeria tenella, ile ya kinyesi chenye damu. Minyoo haiigusi. Kwa minyoo mviringo nunua piperazini.